Kwa mnaoanza mafunzo ya maigizo ya muziki likizo hii ya Juni

Kila likizo ya Juni huwa nasaidia kufundisha vijana wa sekondari maigizo ya muziki hapa Dar, yaani ule mchezo wa jukwaani ambao watu wanaongea, wanaimba na kucheza ndani ya kisa kimoja. Siku ya kwanza ukumbi hujigawa wenyewe bila kuambiwa. Binti wa kwaya hukaa mbele, mgongo wima, na ukimgusa tu anakupa sauti ya pili ya wimbo wowote. Vijana wa dansi hawakai kabisa. Wako nyuma karibu na spika wanaoneshana mitindo. Halafu yuko yule wa maigizo ya shule, aliyezoea kuvunja watu mbavu siku ya mahafali, ambaye kufikia saa nne ameshajuana na kila mtu. Wote hao wamekuja na figa moja moja, na chungu hakiinjikwi kwa figa moja.

Wadogo zangu, nawaandikia kwa sababu mimi nilikuwa yule wa kwaya.

Nilitoka Kimara na kiburi cha miaka sita ya kuimba sauti ya pili. Nota za do-re-mi nilikuwa nazisoma kama gazeti. Siku ya pili mwalimu wa dansi akatufundisha hatua nane, kitu chepesi ambacho mtoto wa darasa la tatu angekiweza, akasema: haya, sasa zichezeni mkiimba. Mstari wa kwanza nilitoka salama. Kwenye wa pili pumzi ikakatika katikati ya neno, mguu wa kushoto ukaenda ulikotakiwa kwenda wa kulia, nikamkanyaga kijana aliyekuwa kando yangu. Yeye hakuwa anaimba chochote, alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Yeye alicheka. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Wenye kipaji kikubwa cha kitu kimoja ndio huteseka zaidi kwenye mafunzo haya, maana wamezoea kusifiwa, na hapa watalazimika kuonekana wabovu mbele za watu kwa wiki mbili nzima kabla ya mambo kuanza kushikana. Nimeona wengi wakiacha. Karibu wote walikuwa wazuri.

Wazazi wenu watawaambia haya si mageni, na hawajakosea. Miaka ya 80 na 90 mtu wa Dar alikuwa analipa kiingilio ukumbini, mara nyingi ukumbi wa baa, anatazama ngoma, vichekesho, sarakasi na taarabu kwa usiku mmoja. Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre walijaza watu kwa namna hiyo. Lakini pale vitu vilikwenda kwa foleni: ngoma ikishuka, kichekesho kinapanda. Maigizo ya muziki yanaichukua foleni yote na kuisokomeza ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa dakika hiyohiyo, na kisa kisisimame kumsubiri.

Kwa hiyo zoezi ninalowaomba muanze nalo hata kabla ya kufika ni kuimba mkiwa mmechoka. Kosa la karibu kila mgeni ni kuimba akiwa amesimama chumbani, halafu kucheza akiwa kimya mbele ya kioo, akidhani siku ya onesho vitajiunga vyenyewe. Havijiungi. Ruka kamba dakika mbili, kisha imba ubeti mzima papo hapo bila kungoja moyo utulie. Utasikia sauti yako ikitetemeka kama redio yenye betri mbovu, na utagundua kwamba unavuta pumzi kwa mabega. Basi lala chali sakafuni, weka daftari juu ya tumbo, vuta pumzi hadi daftari lipande. Hapo kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinafanya kazi yake. Ukishaifahamu pumzi hiyo, inuka uitafute ukiwa unakimbia. Haitakuja siku moja. Mimi ilinichukua siku kumi na moja, nilikuwa nazihesabu.

Halafu chukua maneno ya wimbo na penseli, uweke alama kila mahali utakapovuta pumzi, kama unavyopanga hatua. Ukiiachia pumzi ijichagulie mahali, itachagua katikati ya neno. Juni ni rafiki kwa kazi hii: masika yamekwisha, kusi inavuma, na ukumbi usio na kiyoyozi unavumilika. Wanaokuja Desemba walete taulo.

Dansi huhesabiwa kwa nane. Walimu wengi wataita "faivu, siksi, seveni, eiti", na mtashangaa kwa nini wasiite kwa Kiswahili. Jaribu kwa mwendo wa haraka utaona: kuanzia moja hadi nane kila namba yetu ina silabi mbili, mdomo unaachwa nyuma na miguu. Ila aliyekaa vizuri kwenye kipindi cha fasihi ana silaha yake. Mstari wa shairi la mapokeo mara nyingi una mizani 16, yaani silabi 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Niliposhindwa na namba nilichukua ubeti niliokuwa naujua kwa moyo, nikapandisha ukwapi kwenye nane ya kwanza na utao kwenye nane ya pili, silabi moja kwa hatua moja. Mwalimu akadhani nimepata tuisheni ya dansi.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mtu aliyekaa hadhirani akijiuliza, "Huyu mbona ameanza kuimba ghafla?", mchezo umeshamponyoka. Wimbo unatakiwa uingie pale maneno ya kawaida yanapokuwa hayatoshi tena, na mahali hapo hapatikani kwa kukaa ukumbini. Mwaka wangu wa kwanza kisa chetu kilikuwa cha soko la samaki. Mwongozaji akatukataza kugusa nyimbo kwa siku tatu, akatutuma Feri asubuhi na mapema tukasikilize mnada. Tusirekodi kwa simu, tusikilize tu.

Mkienda, simameni karibu na mnadi mwenye biashara nzito. Anaanza kwa kuongea kama mimi na wewe. Bei inapopanda, sauti nayo inapanda, maneno yanapungua, anarudia yaleyale kwa mapigo yaleyale, na kufikia bei ya mwisho huwezi tena kusema kama anaongea au anaimba. Niliyaandika yale kwa do-re-mi kwenye kiganja cha mkono: alianzia so, akakaa sana kwenye la, akafika do ya juu pale tu alipotajwa mnunuzi. Makonda nao ni walimu. "Posta-Posta-Posta" huenda kwa noti moja iliyonyooka kama waya, kisha silabi ya mwisho inaangushwa. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe ana ngoma kamili mkononi. Tuliporudi ukumbini wimbo wetu wa ufunguzi ulibadilika. Mwanzoni tulikuwa tunaupamba. Sasa tulikuwa tunauza samaki, na bei ilikuwa inapanda.

Zoezi hilo fanyeni hata kama kisa chenu hakina samaki. Siku moja ya kusikiliza stendi ya Mwenge inazidi wiki nzima ya kuiga video za mtandaoni.

Mkipewa kazi ya kutunga maneno, au kuweka Kiswahili kwenye muziki uliotungwa kwa lugha nyingine, angalieni mkazo. Neno la Kiswahili kwa kawaida hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la muziki likiangukia silabi ya mwisho, mwimbaji anasikika kama mtalii. Na liko neno moja limeumbwa kututia adabu: barabara. Kaza silabi ya tatu, umepata njia ya magari. Kaza ya pili, umepata neno lenye maana ya "sawasawa kabisa". Mwaka mmoja shujaa wetu aliimba kwa hisia zote kwamba maisha yake yamekuwa njia ya magari, na hakuna aliyegundua hadi siku ya jenero, yaani zoezi la mwisho kabla ya onesho, mlinzi wa ukumbi alipouliza.

Usaili usiwanyime usingizi. Hamtaimba wimbo mzima. Mizani 16 ya muziki (hapa ni vipande vya mapigo, si silabi za shairi) inatosha, kama nusu dakika hivi, na kwa kuwa ni fupi msianze na mwanzo wa wimbo. Anzieni pale ambapo mtu wa kwenye wimbo anabadilika: anaamua, anakata tamaa, anasamehe. Chagua wimbo unaoubeba bila kukunja uso. Mpiga kinanda atakuuliza do yako iko wapi, yaani akupigie wimbo juu au chini kiasi gani, uwe na jibu. Ukikosea, endelea. Tunaokaa mezani tunaangalia utafanya nini baada ya kukosea, na hilo ni la kweli kuliko mnavyoamini.

Wavulana ambao sauti zinavunjika, mwambieni mwalimu siku ya kwanza. Zoloto, kisanduku cha sauti kilicho kooni, linakua, sauti inashuka karibu oktava nzima, yaani kutoka do moja hadi do ya chini yake, na njiani inateleza bila taarifa. Usilazimishe noti za mwaka jana, utapangiwa nyingine. Kwa wote: sauti ikikauka, nyamaza. Kijana wetu mmoja alikwenda Kwa Mkapa kutazama mechi ya watani, Jumatatu akaja ananong'ona, akidhani anaitunza sauti. Kunong'ona kwa nguvu nako kunazichosha nyuzi za sauti. Kunywa maji, kaa kimya kweli. Chai ya tangawizi hata mimi nainywa, ila tusidanganyane: ukiimeza inapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa.

Sakafu nyingi za kumbi zetu ni saruji. Msiruke peku, miundi itawauma hadi Agosti. Vaeni raba zenye soli laini hata kama ni za mtumba.

Mzazi. Kwa mzazi wa Dar likizo maana yake ni tuisheni, na hamtamshinda kwa hotuba juu ya vipaji. Nendeni na ratiba iliyoandikwa: saa za mazoezi, saa za masomo, nauli, nani anafundisha, namba ya simu ya mwalimu. Mama yangu alinikubalia kwa sababu ya ile karatasi. Nyimbo hakutaka hata kuzisikia. Walio kidato cha nne nitawaambia jambo ambalo waandaaji wengine hawatalipenda: kama hesabu zako zinasuasua, acha Juni hii. Mtihani ni Novemba, na baada yake una miezi mingi mirefu kabla ya kidato cha tano kuanza, watu wanaimalizia kwenye kochi. Njoo wakati huo. Walio kidato cha pili nao wana mtihani wao, ila bado wana nafasi ya kupumua.

Ulizeni pia, kabla ya kulipa, kama maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yamo kwenye ada. Mwaka fulani tuliambiwa wiki ya mwisho kwamba kila mtu ajitafutie, na wazazi walioshajibana wakajibana tena. Na ulizeni mazoezi yanaisha saa ngapi kweli. Waongozaji tuna ugonjwa wa "turudie mara moja ya mwisho". Juni giza linaingia mapema, na mwendokasi za jioni mnazijua. Binti akisema lazima aondoke saa kumi na moja, aondoke, asiitwe mvivu. Mwalimu anayetaka mazoezi ya peke yenu kwenye chumba kilichofungwa, mkataeni, mumwambie mzazi siku hiyohiyo. Hakuna sehemu ya kazi hii inayohitaji mlango uliofungwa.

Watakaoonja na kutaka zaidi wana pa kwenda. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonesho, na Nafasi Art Space pale Mikocheni kuna wasanii wanaofanya kazi mkiwatazama. Wenzenu wa Marekani wana likizo ndefu ya kiangazi. Northwestern, chuo kikuu kilicho karibu na Chicago, kilianza mafunzo ya kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari tangu 1931. Sisi tuna wiki nne, na wiki moja kati ya hizo hupotea kwa watu kuona aibu. Aibu hiyo imalizeni nyumbani, kwa kamba ile ya kuruka.

Mimi mwaka ule nilipewa nafasi ya muuza samaki wa tatu. Sikuwa na mstari wa peke yangu hata mmoja. Nilikuwa na ndoo, hatua nane, na sauti ya pili ambayo nisingeiimba hakuna ambaye angejua imekosekana, isipokuwa wimbo wote ungesikika mwembamba. Siku ya onesho msihangaike kumtafuta mama kwenye viti. Wangu alikaa nyuma ya nguzo na kurekodi kila kitu akiwa ameishika simu wima. Video hiyo ninayo mpaka leo. Muziki hausikiki vizuri, anayesikika ni yeye, mwanzo hadi mwisho, akimwelekeza jirani yake: "Yule. Hapana, yule wa tatu, mwenye ndoo."