Themu za WordPress kwa vitendo: maswali kutoka Dodoma na jirani

Maswali ya safari hii yote yanahusu jambo moja: vikundi vinavyokutana kujifunza kutengeneza themu za WordPress (mafaili yanayoipa sura tovuti iliyojengwa kwa programu ya WordPress) kwa mikono, si kwa kutazama. Tumeyafupisha kidogo.

Tupo vijana 15, wengi tumemaliza chuo. Tunataka kukutana mara mbili kwa mwezi kujifunza themu. Tuanzie wapi? — Msomaji, Ipagala

Anzieni kwenye tovuti. Orodha ya masomo itafuata. Chagueni tovuti moja ya kubuni ambayo kila mmoja wenu ataijenga kuanzia kikao cha kwanza hadi cha mwisho: ya kwaya, ya shule ya awali, ya muuza miche ya zabibu wa Hombolo. Halafu kila kikao kipeni badiliko moja tu linaloonekana kwa macho. Cha kwanza, themu mtoto (themu yako inayorithi kutoka themu nyingine, iitwayo mama) na rangi. Cha pili, herufi na kichwa cha tovuti. Cha tatu, kiolezo cha ukurasa wa habari moja. Cha nne, jinsi tovuti inavyokaa kwenye simu. Anayetaka kufundisha yote hayo Jumamosi moja ataondoka na watu waliochoka na wasio na kitu mkononi.

Muda wa saa tatu unatosha. Nusu saa ya mwanzo ni ya kuhakikisha kila laptopu inafungua tovuti yake. Vikundi vingi huiruka nusu saa hiyo, na matokeo yake yanajulikana: mwenye mashine iliyogoma anakaa akichungulia ya jirani mpaka mwisho, na kikao kijacho humwoni. Baada ya hapo mwelekezi aonyeshe kwa dakika 20, watu wafanye kwa saa moja na nusu, na muda unaobaki kila mmoja apandishe kazi yake kwenye projekta.

Kwa watu 15 tafuteni waelekezi watatu, mmoja kwa watano. Wapeni sharti moja gumu: mwelekezi hagusi kipanya cha mwanafunzi. Anaonyesha kwa kidole na kusubiri, hata kama kusubiri kunauma.

Shikamooni. Ukumbini kwetu hakuna Wi-Fi, tunategemea bando za simu. Mara ya mwisho GB 10 ziliisha kabla hatujaanza. Tufanyeje? — Mhitimu wa kidato cha sita, Kongwa

Marahaba. Piga hesabu kwanza. Kisakinishi cha XAMPP (programu inayoiwezesha laptopu kuendesha WordPress bila mtandao) ni kama MB 150, WordPress MB 25 hadi 30, kihariri cha VS Code kama MB 100. Mtu mmoja anakaribia MB 300, na kikundi cha watu 12, kwa mfano, kinazidi GB 3. Zilizobaki, kwa uzoefu wa vikundi vingi, zililiwa na Windows yenyewe. Laptopu iliyokaa siku nyingi bila mtandao ikiona Wi-Fi huanza kushusha masasisho bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha, kila mmoja aingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo na kuwasha "Metered connection".

Dawa kubwa zaidi ni flashi. Andaeni tatu za GB 16 zenye vitu vilevile: XAMPP, zipu ya WordPress, zipu ya themu mama, VS Code, picha sita zilizokwisha punguzwa, na mafaili ya herufi ya aina ya woff2. Herufi msizisahau. Themu inayovuta herufi kutoka Google itaonekana sawa kwa mwelekezi mwenye bando na tofauti kabisa kwa wengine wote, na nusu ya kikao itaishia kwenye "mbona yangu haifanani".

XAMPP isakinishwe C:\xampp, isiwe ndani ya Program Files, maana huko Windows huzuia programu kuandika mafaili. Mkikuta Apache (sehemu ya XAMPP inayotoa kurasa za tovuti) haiwaki, mara nyingi mlango (port) namba 80 umeshikwa na programu nyingine. Fungueni httpd.conf, badilisheni "Listen 80" iwe "Listen 8080", kisha kwenye kivinjari mfungue localhost:8080 (localhost ni jina la laptopu yenyewe). MySQL (hifadhidata ya XAMPP) ikigoma, angalieni kama mwenye laptopu aliwahi kusakinisha MySQL nyingine, kwa sababu zote mbili zinagombea mlango 3306. Na flashi ya zamani yenye XAMPP ya PHP 5.6 (PHP ni lugha ya msimbo ya WordPress) itupeni; WordPress ya sasa haiikubali.

Kuna pia WordPress Playground, inayoendesha WordPress ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Ni nzuri kwa kuonja. Lakini inahitaji mtandao ili ipakie, na ukifunga ukurasa kabla ya kuhifadhi au kupakua kazi yako, kazi inaweza kupotea. Kwa watu 12 wenye bando moja, bakini na flashi.

Nimetengeneza themu mtoto ya Twenty Twenty-Five kama tulivyoelekezwa kikaoni, nikaandika rangi kwenye style.css. Tovuti haibadiliki hata kidogo. Nimekosea wapi? — Msomaji, Singida mjini

Swali hili linafika mara nyingi kuliko mengine yote, na lina majibu manne au matano yanayofuatana. Yapitie kwa mpangilio huu.

Kwanza angalia juu ya style.css. Mistari miwili ya lazima ni "Theme Name:" na "Template:". Kwenye "Template:" linaandikwa jina la folda ya themu mama, yaani twentytwentyfive, herufi ndogo, bila nafasi. Ukiandika Twenty Twenty-Five kama inavyosomeka kwenye dashibodi, WordPress italalamika kwamba themu mama haipo.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoangukia: kwenye themu za vitalu (zile mpya zinazojengwa kwa vipande ndani ya kihariri cha tovuti, kama Twenty Twenty-Five), style.css ya themu mtoto haipakiwi yenyewe. WordPress husoma kichwa chake tu ili kuitambua themu. Ukitaka mitindo iliyomo ifanye kazi, tengeneza functions.php ndani ya themu mtoto uandike:

add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () { wp_enqueue_style( 'mtoto', get_stylesheet_uri() ); } );

Juu ya mstari huo iwepo <?php, na kabla yake pasiwe na nafasi wala mstari mtupu.

Tatu, kwa rangi ni bora uache style.css na utumie theme.json, faili la mipangilio ya rangi na mitindo ya themu. Ila jihadhari: orodha ya rangi unayoiandika kwenye theme.json ya mtoto huifuta ile ya mama yote, haiongezi juu yake. Ukiweka rangi moja ya zabibu na kuziacha base na contrast, sehemu zote za themu zilizokuwa zikiziita rangi hizo zinabaki bila kitu. Nakili orodha ya mama kwanza, ndipo uongeze yako. Na mkato mmoja uliozidi baada ya kipengele cha mwisho unatosha kulifanya faili zima lisisomeke.

Nne, jiulize kama uliwahi kuhariri kwa kubofya ndani ya kihariri cha tovuti kwenye dashibodi. Mabadiliko ya pale huhifadhiwa kwenye hifadhidata, na hifadhidata humshinda faili. Unaweza kuandika templates/single.html usiku kucha, tovuti ikaendelea kuonyesha kile ulichokibofya wiki iliyopita. Nenda kwenye orodha ya violezo, fungua menyu ya kiolezo hicho, ukirudishe kilivyokuwa. Kwa mitindo ya jumla ni vivyo hivyo.

Mwisho ni akiba (cache), yaani nakala za zamani zinazohifadhiwa. Kwenye wp-config.php ya laptopu ya mazoezi weka define( 'WP_DEVELOPMENT_MODE', 'theme' ); ili theme.json isomwe upya kila mara; hii ipo tangu WordPress 6.3. Kwenye kivinjari bonyeza F12, weka tiki kwenye "Disable cache" sehemu ya Network, na uache dirisha hilo wazi unapofanya kazi.

Waelekezi, hatua hizi zichapeni kwenye karatasi moja na kila meza ipate nakala. Mtapunguza nusu ya mikono inayonyooshwa.

Ukumbi gani unafaa, na siku gani? Umeme nao unatutisha. — Mratibu, Area C

Tafuteni chumba cha darasa chenye meza. Kumbi za sherehe zina viti vingi na soketi mbili ukutani, na laptopu ya kupakata mapajani haimpi mtu raha ya kuandika msimbo kwa saa tatu. Vyuo viko vingi mjini, kuanzia UDOM hadi Chuo cha Mipango na CBE, na mwanachama anayesoma au kufundisha humo ndiye mtu wa kumtuma akaombe darasa. Kampasi za UDOM ziko mbali na katikati ya mji, basi pangeni muda mkizingatia daladala ya mwisho ya kurudi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, kumbi na vyumba vya wageni hushikwa mapema; wekeni nafasi kabla au hamieni darasani moja kwa moja. Siku, badilishaneni: Jumamosi asubuhi mwezi huu, Jumapili saa 8 mchana mwezi ujao, ili Wasabato na wanaokwenda kanisani Jumapili wote wapate zamu.

Umeme wenyewe hautishi. Laptopu 12 za wati 65 ni wati 780, projekta kama 300, jumla wati 1,100 hivi. Soketi moja ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu 3,000. Kinachoangusha ni birika la chai: wati 2,000 juu ya hizo, fyuzi inakatika. Chai ichemshwe chumba kingine au ije kwenye chupa. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe waya wote, maana waya uliojikunja ukibeba mzigo hupata joto hadi kuyeyuka. Na kijenereta cha kVA 1, kinachotoa kama wati 800, hakitoshi. Umeme ukikatika zimeni projekta, endeleeni kwa betri, na ruta ndogo iwe kwenye UPS. Inakula wati 10 au 12 tu.

Mimi nafundisha TEHAMA sekondari. Tufundishe themu za zamani za PHP au hizi mpya za vitalu? — Mwalimu, Kondoa

Mwalimu, kwa wanaoanza, za vitalu. Zilikuja rasmi na WordPress 5.9 mwaka 2022, na themu nzima inaweza kusimama kwa mafaili mawili: style.css na templates/index.html. Mwanafunzi anaona matokeo kabla hajajua PHP. Baada ya vikao vitano au sita wapeleke kwenye PHP, kwa sababu tovuti nyingi za ofisi na shule watakazokabidhiwa kuzitunza bado ni za mtindo wa zamani. Huko wafundishe mfuatano wa violezo: habari moja hutafutiwa single-post.php, isipokuwepo single.php, kisha singular.php, mwisho index.php. Akiuelewa mfuatano huo ataifungua themu yoyote na kujua pa kushika.

Sina laptopu, nina simu. Naruhusiwa kuja? — Dada fundi cherehani, Majengo

Njoo, dada. Kaa na mwenye laptopu, mpokezane kibodi kila dakika 20. Mratibu ashike saa, la sivyo mwenye mashine hataiachia. Na simu yako inahitajika zaidi ya unavyodhani, maana wasomaji wengi wa tovuti hizo watakuwa na simu kama hiyo.

Ili simu ifungue tovuti iliyomo kwenye laptopu, vyote viwe kwenye ruta moja. Tafuteni anwani ya laptopu kwa amri ya ipconfig, tuseme 192.168.1.10, kisha simu ifungue anwani hiyo ikifuatiwa na jina la folda ya tovuti, tuseme zabibu. Mara ya kwanza itagoma, kwa sababu WordPress iliyosakinishwa kwa jina la localhost huirudisha simu kwenye localhost, na localhost ya simu ni simu yenyewe. Andikeni kwenye wp-config.php:

define( 'WP_HOME', 'http://192.168.1.10/zabibu' );
define( 'WP_SITEURL', 'http://192.168.1.10/zabibu' );

Ikiendelea kugoma, ruhusuni Apache kwenye ngome (firewall) ya Windows kwa mtandao wa binafsi. Wi-Fi za hoteli mara nyingi huzuia vifaa visionane, hivyo bebeni ruta yenu. Haihitaji hata laini yenye bando kwa kazi hii.

Kuna themu za kulipia zinagawiwa bure kwenye magrupu. Tuzitumie kujifunzia? — Msomaji, Manyoni

Hapana. Nyingi zimepandikizwa msimbo unaofungua mlango wa nyuma, na anayejifunza hana jicho la kuuona. Zilizopo bure kwenye hazina ya WordPress zina leseni ya GPL: unaruhusiwa kuzinakili, kuzichambua na kuzigawa. Zinatosha kwa miaka.

Tunaandikisha majina, namba za simu na kupiga picha kila kikao. Kuna tatizo? — Katibu wa kikundi, Kibaigwa

Lipo kama hamwaambii watu mnazitumia kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Andikeni kinachohitajika tu: jina, namba, aina ya laptopu. Juu ya karatasi andikeni mstari mmoja kwamba namba ni ya kutaarifu vikao, na asiyetaka picha apewe nafasi ya kusema kabla kamera haijatoka. Karatasi hiyo isizunguke ukumbini kila mtu akisoma za wenzake. Katibu akae nayo mlangoni.

Safu ya aina ya laptopu msiiache. Mkijua mapema nani ana Windows, nani ana Linux na nani hana mashine, flashi mtaziandaa sawasawa.