Damu bado inapita, kwa nini binti apasuliwe?

SWALI: Daktari, binti yangu mwenye umri wa miaka 13 alishikwa ghafla na maumivu makali chini ya tumbo upande wa kulia, akatapika. Majirani walisema ni chango, na kwa kuwa maumivu yalitulia kisha yakarudi, nami nilisadiki. Hospitalini utrasaundi ilionyesha ovari ya kulia, yaani kiungo kinachotoa mayai ya uzazi, imevimba, ingawa damu ilikuwa bado inapita. Hata hivyo alipasuliwa siku hiyohiyo, ikakutwa ovari imejisokota na kuwa nyeusi, nao wakaisokotoa na kuiacha mahali pake. Je, upasuaji ulikuwa lazima? Na ovari hiyo itapona?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama, na umfikishie binti pole zangu. Madaktari wake walifanya vyema. Ovari inapojisokota, vena, yaani mishipa inayotoa damu, ambazo kuta zake ni laini, hubanwa kwanza, huku ateri zikiendelea kuingiza damu isiyo na njia ya kutoka, na ndiyo maana ovari huvimba. Isitoshe, ovari hulishwa na ateri yake yenyewe pamoja na tawi la ateri ya mfuko wa uzazi. Kwa hiyo damu kuonekana ikipita katika picha hakuthibitishi kwamba ovari iko salama; daktari hutazama zaidi ukubwa wake ukilinganishwa na wa ile ya pili, na jinsi maumivu yalivyoanza. Uhakika wenyewe hupatikana kwa upasuaji tu, hasa ule wa matundu madogo.

Kuhusu weusi, ovari nyingi za namna hiyo hupona zikisokotolewa, na chama cha madaktari bingwa wa uzazi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilishauri zisiondolewe kwa sababu ya rangi peke yake.

Linaloniumiza ni hilo la chango, kwa sababu saa zinazopotea nyumbani ndizo zinazoua ovari. Maumivu kutulia si dalili ya kupona, maana ovari yaweza kujisokota na kujisokotoa yenyewe mara kadhaa, hata kwa msichana ambaye hajavunja ungo. Wazazi wengine huchelewa kwa kuhofu kipimo cha ukeni, ilhali msichana hupimwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo. Akiombwa pia kipimo cha mimba, tafadhali usione kuwa ni tusi. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, sawa na ugonjwa wa kidole tumbo, huweza kuleta maumivu yanayofanana na hayo.

Mrudishe apigwe utrasaundi tena baada ya wiki 6 hadi 12, ili ijulikane kama kuna uvimbe uliobaki. Maumivu ya ghafla yakirudi, hata upande wa kushoto, mpeleke siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye huduma ya upasuaji, na uwaeleze mapema kwamba ovari yake iliwahi kujisokota.