Maelfi Waliotengana: Shahidi Bado Yu Hai

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia mada moja: maelfi, wale watu wa hadithi za fantasia wenye masikio yaliyochongoka na umri usiokwisha, na jinsi koo zao zinavyonuniana. Zilizouliza nani angempiga nani nimewaachia vijana wa barazani.

Shangazi, shikamoo. Nimeanza The Silmarillion ya Tolkien nimekwama. Vanyar, Noldor, Teleri, Sindar, Nandor… ni lazima nikariri? (Kisauni)

Marahaba. Acha majina, shika safari. Maelfi wa Tolkien waliamka kando ya maji ya Cuiviénen, mashariki ya mbali, kisha Valar, wakuu wa dunia ile, wakawaita wahamie ng'ambo ya bahari. Waliokataa ni Avari. Waliokubali waliondoka makundi matatu: Vanyar mbele, Noldor katikati, na Teleri nyuma, maana walikuwa wengi na hawakuwa na haraka. Hao wa nyuma ndio waliokatikia njiani. Kuna walioiona milima wakageuka, wakawa Nandor. Kuna ambao mfalme wao Elwë alipotea msituni, wakabaki kumtafuta, na hao ndio Sindar. Waliosalia wakavuka wakiongozwa na Olwë, nduguye Elwë. Kila jina, basi, linakwambia mtu alishukia kituo gani. Ukilisahau, uliza alishukia wapi, utalipata.

Kwani maelfi hawajui suluhu? Karne zinapita na bado hawasalimiani. (Tononoka)

Sisi ugomvi tunaurithi. Babu alinyang'anywa shamba, mjukuu ananuna hata mipaka yake haijui. Elfi hafi kwa uzee. Aliyeua yupo, aliyefiwa yupo, na wanaweza kualikwa karamu moja. Kwao hakuna "wazee walisimulia", kuna "nilikuwepo". Mwandishi anayelisahau hili anaandika binadamu wenye masikio marefu.

Chukua kisa cha Alqualondë. Morgoth, adui mkuu wa hadithi, ameiba vito vya Silmaril, na Fëanor, mkuu wa Noldor aliyevitengeneza, anataka merikebu nyeupe za Teleri wa pwani ili amfuate. Olwë anakataa: merikebu zile ni kazi ya mioyo yao, hawataunda tena mfano wake. Noldor wakazitwaa kwa upanga, na kwa mara ya kwanza elfi akamwaga damu ya elfi. Kisha Fëanor, alipofika ng'ambo, akazichoma moto huku sehemu kubwa ya watu wake mwenyewe ikiwa imeachwa nyuma. Fingolfin, nduguye Fëanor kwa baba, na wenzake wakavuka kwa miguu juu ya barafu ya Helcaraxë, na wengi wakafia humo. Kwa hiyo hata Noldor wenyewe walifika wakiwa na kesi baina yao.

Huku upande wa pili Thingol, ndiye yule Elwë aliyepotea, aliwapokea wageni hao bila kujua lolote. Siku alipowauliza, Finrod, mmoja wa wakuu wa Noldor hao, alinyamaza, kwa sababu hakuweza kujitetea bila kuwashtaki wenzake. Nduguye Angrod ndiye aliyeshindwa kuvumilia akamwaga yote. Waliouawa walikuwa watu wa Olwë, ndugu wa Thingol wa kuzaliwa naye.

Thingol hakutangaza vita. Alipiga marufuku lugha ya Noldor: asiwepo wa watu wake atakayeisema Quenya wala kuitika akiitwa kwayo. Naipenda adhabu hii kuliko mapigano yote ya kitabu kile. Watu wenye kiburi cha elimu wakawa wanaomba maji kwa lugha ya wenyeji, na Quenya ikabaki ya vitabuni na ya sherehe.

Na suluhu ipo, ukiitafuta. Finrod na Angrod mama yao ni Eärwen, binti wa Olwë, hivyo kwa baba ni wa kina muuaji na kwa mama ni wa kina marehemu. Thingol aliwafukuza kwa hasira lakini akawaambia mlango hataufunga milele. Dada yao Galadriel akaolewa na Celeborn, jamaa wa Thingol huyohuyo. Hotuba za wafalme hazikufanya kazi hiyo.

Legolas wa The Lord of the Rings ni elfi wa ukoo gani? (Nyali)

Baba yake, Thranduil, ni wa Sindar, anayetawala maelfi wa msituni ambao wengi wao si Sindar. Mama wa Legolas, Tolkien hakumtaja. Ni mwana wa familia ya wageni waliofanywa wafalme.

Mbona elfi mweusi ndiye mwovu kila mara? (Likoni)

Si kila mara, ila mara nyingi kiasi cha kuudhi. Mzizi ni wa kale: Snorri Sturluson wa Iceland, katika karne ya 13, aliandika kwamba maelfi wa nuru ni wazuri kuliko jua na maelfi wa giza ni weusi kuliko lami. Mchezo wa Dungeons & Dragons ukaja na drow, maelfi waliomfuata Lolth, mungu wa kike wa buibui, wakaishia chini ya ardhi wakiwa na ngozi nyeusi. Hata kwa akili ya kawaida haliingii, maana viumbe wa mapangoni wasioona jua hufifia rangi. Mwaka 2020 kampuni ya mchezo huo, Wizards of the Coast, ilikiri kwamba drow na viumbe wa kivita waitwao orc walichorwa vibaya, ikaahidi kubadilika. Kwangu mimi kasoro si ya rangi peke yake. Ukoo ukishakuwa mwovu kwa kuzaliwa, ugomvi wenyewe umekufa, hakuna cha kudaiana tena.

Katika michezo ya kompyuta ya Dragon Age, elfi halisi ni wa mjini au Dalish? (Changamwe)

Hilo ndilo swali ambalo Dalish wanataka uulize. Wao wanahamahama, wanachora nyuso, na wanawadharau wa mjini kwa kuishi chini ya binadamu katika mitaa iliyozungushiwa kuta. Kama hujamaliza mchezo wa 2014, Inquisition, ruka sentensi mbili zifuatazo. Michoro ile ya fahari inageuka kuwa alama za utumwa wa zamani. Wa mjini, waliodharauliwa, hawakuwa nazo.

Naandika riwaya. Maelfi wa kisiwani na wa bara wanakutana baada ya miaka elfu tatu. Sura ya kukutana inakuwa hotuba tupu. (Mji wa Kale)

Tafuta kwanza kitu kilichochukuliwa na ambacho bado kinaonekana: kisima, jahazi, kaburi la mama. Kisha muweke mtu mmoja aliyekuwepo siku ile na asiyetaka kusema. Hotuba wape waliozaliwa baadaye, maana hao ndio wenye maneno mengi.

Halafu wape lugha ya kutosha kutukanana vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Lamu zilipohasimiana hadi vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa huku na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi. Tungo la adui lilieleweka, likauma, likajibiwa kwa tungo. Watu wasio na undugu hurushiana mawe tu. Elfi wako wa bara akija na kejeli yenye vina vya kisiwani, msomaji atajua walikuwa nyumba moja, nawe hutahitaji kumweleza.

Na usiwapatanishe sura hiyohiyo. Mgeni apewe mahali pa heshima, apakuliwe samaki, amege, kisha aseme kwa upole kwamba samaki huyu alipikwa vizuri zaidi kabla hamjaondoka. Nataka kuona nani anaacha kula kwanza. Ukishaiandika nitumie hiyo, hotuba baki nazo.