Timu ya Watoto Inaanzia Mlangoni

SWALI: Watoto wetu wakitoka shule hukaa maskani na vijana wakubwa hadi giza liingie. Wazazi wachache tungependa kuwaanzishia timu ya kandanda. Tunao kama 20, wa miaka 9 hadi 12, ila pesa ni kidogo. Tuanzie wapi?
Mama wa Wawili, Kaloleni, Nairobi

JIBU: Mama, anzeni na mlango wako. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zimezunguka viwanja vya wazi, na anayefua au kupika nje huwaona watoto wakicheza. Chagueni uwanja huo unaoonekana kutoka milangoni, hata kama una mawe ya kuokota kila jioni. Uwanja mzuri wa mbali hauna macho ya jirani.

Pesa ya kwanza iende kwenye mipira, si jezi. Kwa umri huo nunueni mipira minne, saizi 4; saizi 5 ni ya miaka 13 kwenda juu. Kwa nini minne? Kwa sababu watoto 20 wakiwa na mpira mmoja, kila mtoto anasimama foleni, anaugusa mara mbili tatu, anachoka, kesho harudi. Mkiwa na minne, wagaweni watano watano: wanne kwenye pembe za mraba wa hatua 8, mmoja katikati akiusaka. Pembe ni chupa za plastiki zilizotiwa mchanga. Fulana za mitumba za rangi mbili zinatosha kutenganisha pande.

Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Anzeni saa kumi na moja kasorobo, mmalize saa kumi na mbili kamili: dakika 10 za kupasha misuli moto, 25 za pasi, 30 za mechi, 10 za maji na kuhesabu watoto. Daftari liwe na jina la kila mtoto na simu ya mzazi.

Magoli ya chuma yasiyofungwa chini ni hatari kubwa. Mtoto akining'inia, goli humwangukia. Kwa sasa tumieni mawe mawili.

Vijana wa maskani msiwafukuze. Wapeni filimbi na zamu ya urefa, wadogo wao watawasikiliza kuliko nyinyi. Lakini wawepo watu wazima wawili kila siku, na asiwepo yeyote wa kubaki peke yake na mtoto, hata jirani wa miaka ishirini. Mtaani kila mtu ni mjomba, na hapo ndipo wazazi hulegeza macho. Mkiwa na shaka yoyote, pigeni 116, simu ya watoto, bila malipo.

SWALI: Mpira wetu hauishi mwezi bila kuvuja. Tatizo ni nini?
Kijana wa Jericho

JIBU: Mara nyingi ni sindano ya pampu kuingizwa kavu. Inachana mpira laini wa vali, na hewa hutoka polepole usiku. Ilowesheni kwa tone la gliserini au maji, iingizeni wima bila kuizungusha. Kisha temeni mate kidogo juu ya tundu: yakitoa povu, vali imechanika. Yasipotoa, uzamisheni mpira wote kwenye beseni mfuate viputo kwenye mishono. Na msiukalie, mishono huachia.