Kituo chetu cha useremala Mafinga, tunaweza kuita kozi yetu diploma?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna kituo kidogo hapa Mafinga, tunafundisha useremala na ushonaji. Tunataka kusajili sasa kila mtu anatuchanganya, mara NVA, mara NTA, mara krediti. Kozi ya useremala ni miaka miwili, je tunaweza kuiita diploma? Halafu fundi wetu mkuu kajifunzia mtaani hana cheti, atatukwamisha?

JIBU: Salama dada, hongereni kwa kazi. La diploma jibu ni hapana, naanza nalo maana ndo linaloumiza watu. Kazi yangu hapa Mbeya ni kuandaa vyuo kwa ajili ya ukaguzi na nimeona wazazi kutoka Makete wameuza viazi kulipia kitu kilichoandikwa diploma kwenye bango, mtoto anamaliza anaenda kuomba kujiendeleza anaambiwa cheti chako hakipo kwenye mfumo. Yule mtoto miaka yake hairudi, kwa hiyo tafadhali bango lisitangulie usajili.

Mfumo wenyewe uko hivi. Ufundi stadi, kama huo useremala wenu, una ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA 1 mpaka 3, ndo zilizochukua nafasi ya zile trade test za grade three, two na one ambazo baba zetu wanazijua. Juu yake inaanza NTA, yaani tuzo ya taifa ya elimu ya ufundi, 4 mpaka 10, ambapo 4 na 5 ni astashahada, 6 ndo stashahada yaani hiyo diploma, 8 digrii, 10 udaktari wa falsafa. Zamani ufundi stadi ulisimamiwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vya kati vilisimamiwa na NACTE, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ila sheria ilivyorekebishwa mwaka 2021 NACTE ikawa NACTVET na usajili wa vyuo vya ufundi stadi ukahamia huko. Kwa hiyo anayekwambia peleka maombi ya usajili VETA anakupa habari za zamani, wewe anzia NACTVET, ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya.

Sasa kitu ambacho wamiliki wengi wa vituo hawakishiki, ngazi haihesabiwi kwa miaka. Unaweza kumweka kijana karakana miaka mitatu akabaki ngazi ya 1, kwa sababu ngazi inasema huyu mtu anaweza kufanya nini na anasimamiwa kiasi gani. Wa ngazi ya 1 anafanya kazi za kawaida fundi akiwa karibu, wa ngazi ya 3 unampa kazi unaondoka.

Chukua fremu ya mlango. Mitaala mingi ninayoletewa imeandikwa "mwanafunzi ataelewa viungo vya mbao", hiyo mkaguzi hawezi kuipima, utaelewaje kwamba ameelewa? Andika hivi: akipewa mbao za paina na mchoro, anachagua mbao zilizokauka, anapima, anakata, anapiga randa, anaunga fremu, kona zinakaa skwea, yaani nyuzi 90, na hakuna upenyo kwenye viungo. Hapo mtu yeyote akija na skwea yake anapima na mnapata jibu moja. Halafu tunza ushahidi, kazi yenyewe au picha yake, fomu ya tathmini yenye tarehe na saini, ya kila kijana. Hapa ndo vituo vingi vizuri vinaangukia, mafunzo yapo, vijana wanajua kazi kweli kabisa, ila hakuna karatasi hata moja inayoonyesha.

Krediti utakutana nazo zaidi mkija kupanda NTA. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja ni krediti 120 yaani saa 1,200, na hizo sio za darasani tu, karakana, kujisomea na mitihani vyote vimo. Somo la krediti 12 ni saa 120, ukifundisha saa 3 kwa wiki kwa wiki 15 una saa 45, sasa zile 75 zilizobaki lazima ratiba ionyeshe zimeenda wapi.

Vijana wenu wakitaka kuendelea, NVA 3 inafungua njia ya NTA 4 ila kozi nyingine zinataka na ufaulu wa kidato cha nne, someni mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla hamjamuahidi mtu. Na kwa wanaovuka Tunduma kwenda kutafuta kazi kusini, namba za ngazi haziendi sawa nchi zote. Digrii ya kwanza kwetu ni ngazi ya 8, Afrika Kusini ile ya kawaida ni 7 na Kenya pia ni 7. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wana mfumo wao wa ngazi 10 wa kulinganishia, kwa hiyo kwenye cheti msiandike namba tupu, andikeni jina kamili la tuzo na maelezo ya alichosomea na anachoweza kufanya.

Fundi wenu msimtoe, tena huyo ndo mtaji wenu. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanampima fundi kwa kazi anayoijua bila kumrudisha darasani miaka miwili, akifaulu anapata cheti. Aende VETA Iringa aulizie fani ya useremala, abebe picha za kazi zake na barua za wateja kama anazo. Lakini kujua kazi na kuwa mwalimu ni vitu viwili na mkaguzi ataangalia vyote, kwa hiyo akishapata cheti muanze kumpangia mafunzo ya ualimu wa ufundi, chuo chake kiko Morogoro. Kwa sasa tafuteni mwalimu mmoja mwenye sifa zinazotakiwa awe naye karakana, yeye ndo asaini zile fomu za tathmini.