Pakiti ya bakteria si mbolea jamani, mimi niliipika juani

Msimu wangu wa kwanza wa soya huku Songea nilinunua pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu, nikaifunga nyuma ya bodaboda, nikapitia sokoni, nikapiga stori na washkaji jua la saa saba linawaka tu, halafu nyumbani nikaiacha dirishani siku nne. Kichwani mwangu ile ilikuwa mbolea, na mbolea inaharibikaje?

Soya zikaota vizuri, baadaye zikaanza njano. Kuna mzee jirani akapita akaniuliza, "Mwanangu, mizizi umeiangalia?" Mizizi! Nani anaangalia mizizi. Tukafukua miche kama mitano hivi, mizizi mitupu, hata kinundu kimoja hakuna. Ikabidi nitoe hela ya yurea, mbolea ya nitrojeni, ambayo sikuipangia.

Iko hivi. Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni nitrojeni, ila mmea hauwezi kuila moja kwa moja. Rizobia, yaani hao bakteria wa kwenye pakiti na ndugu zao, ndio wanaoweza, wanaingia kwenye mzizi, mmea unawajengea vinundu na kuwalisha sukari, wao wanalipa kwa nitrojeni. Kunde na karanga mara nyingi zinakuta wenzao tayari wapo kwenye udongo wetu, lakini soya ni mgeni kutoka Asia na bakteria wake, Bradyrhizobium japonicum, mashamba mengi ya kwetu hayana, hasa kama soya haijawahi kulimwa hapo. Ndio maana wanauzwa kwenye pakiti. Na ni viumbe hai, mimi niliwaua kabla hawajafika shambani.

Sasa hivi nikinunua kitu cha kwanza ni tarehe ya mwisho, halafu naangalia muuzaji kaiweka wapi, kama iko rafu inayopigwa na jua naondoka zangu hata akishusha bei. Siku ya kupanda nakaa chini ya mwembe, naweka maji kidogo yenye sukari kwenye mbegu ili ule unga mweusi wa pakiti ung'ang'anie, nachanganya taratibu mpaka mbegu zote ziwe nyeusi, kisha nafunika na gunia na kupanda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu, kila shimo linafukiwa palepale. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu siichanganyi na hawa bakteria, dawa inaweza kuwamaliza. Na yurea usiweke kama pakiti iko salama, mmea ukishashiba nitrojeni ya dukani unaona kuwalisha bakteria ni hasara, vinundu vinakuwa vichache. Wanachohitaji sana ni fosforasi, mimi natumia mbolea ya fosfati ya Minjingu, wengine TSP, mbolea nyingine ya fosforasi.

Maharage usiyategemee kiasi hicho kwa kupata nitrojeni ya hewani, yanajitahidi ila kwa soya hayafiki.

Soya zikianza kutoa maua fukua na jembe uangalie mizizi. Usivute kwa mkono! Vinundu vitabaki ardhini halafu utalaumu pakiti bure. Pasua kimoja na kucha, ukiona wekundu kama nyama ujue kazi inaendelea, kikiwa cheupe au kijani hapo hakuna kitu. Na ukivuna acha majani na mizizi shambani, maana nitrojeni nyingi tayari imeondoka na punje, wale wanaochoma mabua halafu wanasema soya imerutubisha udongo sijui huwa wanamaanisha nini.

Kwenye maji nako wapo bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani. Baharini kuna Trichodesmium, mpaka bahari ya Zanzibar wapo, hasa kipindi cha kaskazi, wakijaa wanaelea kama vumbi la mbao. Kwa mkulima wa mpunga wa maana zaidi ni azola, kijimmea kinachoelea, ndani ya majani yake wanaishi bakteria wa kijani-bluu. China na Vietnam wameitumia miaka na miaka. Shemeji yangu yuko Ifakara, alimwaga azola kwenye jaruba akakaa kusubiri mpunga unawiri, wapi! Nikamwambia shemeji, hiyo ikiwa inaelea tu nitrojeni bado imo ndani yake, ifukie kwenye tope ioze ndipo mpunga upate. Akafukia, safi. Kosa lake ni ile iliyobaki aliyoitupa kwenye bwawa la samaki, ikatanda bwawa zima na asubuhi samaki wako juu wanatafuta hewa. Kwa hiyo weka kamba ya kuizuia ikae kona moja, ukiwa na bata ndio vizuri zaidi, wa kwake waliila mpaka maji yakaonekana tena.