Trela ya kulala porini: gesi au dizeli?

Kaka, umeuliza kama trela unayotengeneza hapo Dodoma uifunge jiko na hita za dizeli, kwa vile Land Cruiser itakayoivuta nayo ni ya dizeli, au uende na gesi. Funga gesi.

Jiko la dizeli linachelewa kupata moto na linataka umeme wa betri, hasa wakati wa kuwasha. La gesi unawasha, unabandika sufuria. Mtungi wa kilo 6 au 15 unaubadilisha mjini kabla hamjaondoka.

Hita achana nayo. Baridi ya Dodoma ya Juni na Julai inaishia kwenye blanketi zito. Ukiwa mtu wa Kitulo au ukingo wa Ngorongoro, hapo sawa, weka ya dizeli yenye bomba la kutolea moshi nje. Friji chukua ya kompresa ya volti 12, sola iiendeshe, jua tunalo.

Wasiwasi wangu ni ufungaji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Mtungi ukae nje, wima, umekazwa kwa mkanda, na boksi lake liwe na matundu chini. Barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza nati, kwa hiyo mkifika kambini paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Ukiona mapovu yanavimba, funga mtungi kwanza. Na msilale jiko likiwaka ndani, tafadhali. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu.